Kuachilia si kukata tamaa: Wahindu na hatua nne za maisha

MWILI huzeeka wenyewe bila kufundishwa. Nywele hupata mvi, ngozi hukunjamana, magoti huanza kulalamika mtu anapopanda ngazi. Akili haiko hivyo. Mtu anaweza kufika miaka 70 akiwa bado na akili ya kung'ang'ania ya barobaro wa miaka 25. Anataka kuamua kila jambo nyumbani, anahesabu kila shilingi inayoingia dukani, na mwanawe mwenye ndevu bado anamwona mtoto.

Sisi madaktari hukutana na matokeo yake. Mzee huletwa akilalamikia kukosa usingizi, kiungulia, moyo kwenda mbio, au shinikizo la damu lisilotulia ingawa anameza dawa zake ipasavyo. Ukimhoji polepole unagundua kwamba mambo yalianza miezi michache baada ya kustaafu, au baada ya kumwachia kifungua mimba shamba. Si kila ugonjwa wa uzeeni unatokana na hayo. Hata hivyo nimeyaona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi swali la kazi na urithi huliuliza mapema, kabla hata sijachukua kipimo cha damu.

Uhindu uliliona jambo hili zamani na kuliandikia utaratibu. Hapa Kenya tumezoea kuchanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India, na anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au Kalasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu, na ndiye tunayemzungumzia leo. Mahekalu yake yako Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine, lakini wengi wetu hupita nje tu bila kujua kinachofundishwa ndani.

Mafundisho ya kale ya Wahindu huyagawa maisha katika hatua nne ziitwazo ashrama. Ya kwanza ni brahmacharia, hatua ya mwanafunzi. Ya pili ni grihasta, hatua ya mwenye nyumba na familia. Ya tatu ni vanaprasta, yaani mkaaji wa msituni. Ya nne ni sanyasa, ya mtu aliyeachana na dunia kabisa, na mtu huyo huitwa sanyasi.

Mwanafunzi alihamia kwa mwalimu wake, akaishi humo kama mtoto wa nyumba. Aliokota kuni, akaomba chakula mlango kwa mlango, akajiepusha na mapenzi na kukariri maandiko matakatifu. Kijana aliyekula chakula cha kuomba kwa miaka kadhaa hukua akijua kwamba hakujilisha mwenyewe, na somo hilo humfaa zaidi atakapokuwa mzee wa kulishwa na wanawe.

Hatua ya pili haidharauliwi, na hapa ndipo wengi humkosea Mhindu wakidhani dini yake ni ya kuikimbia dunia. Sheria za Manu, kitabu ambacho wasomi hukadiria kiliandikwa kati ya mwaka 200 kabla ya Kristo na mwaka 200 baada ya Kristo, humtukuza mwenye nyumba kuliko wengine wote kwa sababu yeye ndiye anayewalisha. Kutafuta mali kwa njia ya haki ni wajibu wake, na hata raha imehesabiwa miongoni mwa malengo manne ya maisha. Tena ana madeni matatu: kwa wenye hekima wa kale, ambalo hulipwa kwa kusoma, kwa mababu, ambalo hulipwa kwa kuzaa, na kwa miungu, ambalo hulipwa kwa kutoa sadaka. Anayekimbilia ukombozi wa roho kabla ya kuyalipa, Manu anaonya kwamba ataanguka.

Sasa, mwenye nyumba aondoke lini? Siku hizi wengi huchukua miaka 100 na kuigawa kwa nne, 25 kwa kila hatua. Manu hakutaja umri. Alitaja dalili, kama daktari: mtu aionapo ngozi yake imekunjamana, nywele zake zimekuwa nyeupe, na mwana wa mwanawe amezaliwa, basi wakati umefika. Naipenda sana hiyo dalili ya tatu. Mjukuu ni ushahidi kwamba mwanao ameshika nafasi yako, na kwamba kazi itaendelea hata usipokuwepo. Kwetu sisi anayeamua ni kalenda. Mtumishi wa serikali ya Kenya huambiwa aende akifika miaka 60 (ilikuwa 55 hadi mwaka 2009), awe tayari asiwe tayari. Ijumaa ni mkuu wa idara, Jumatatu ni mzee anayegombea rimoti ya televisheni na wajukuu.

Tazama pia jinsi mkaaji wa msituni anavyoondoka. Haachi kila kitu kwa siku moja. Anaacha nyumba, mashamba na chakula cha kulimwa, akala matunda na mizizi. Lakini moto wake wa ibada anaubeba, mkewe anaweza kufuatana naye, anaendelea kusoma maandiko, na mgeni akimfikia anamgawia alicho nacho. Ni baadaye sana, katika hatua ya nne, ndipo anauacha hata huo moto na kutembea peke yake.

Mgonjwa aliyemeza vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi hatumwambii aviache leo. Tezi zilizo juu ya figo zake zimezoea kupumzika kwa sababu dawa ilifanya kazi yao; ukikatiza ghafla, anaweza kuzirai na hata kufa. Tunapunguza kidogo kidogo hadi tezi ziamke. Cheo, mshahara na sauti ya mwisho nyumbani ni vitu ambavyo akili imevitegemea kwa miaka 30 au 40. Vanaprasta ni kipindi cha kupunguza dozi.

Nisipake mambo rangi. Msomi Patrick Olivelle, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu ashrama, alionyesha kwamba hapo mwanzo hizi hazikuwa hatua za kufuatana. Zilikuwa njia nne tofauti ambazo kijana aliyemaliza masomo angeweza kuchagua mojawapo aishi nayo hadi kufa. Kuzipanga kama ngazi kulikuja baadaye. Na siku zote wamekuwepo walioruka ngazi: Upanishadi ya Jabala inaruhusu mtu aondoke siku ileile moyo wake unapoikinai dunia. Tena utaratibu huu uliandikwa kwa ajili ya wanaume wa matabaka matatu ya juu. Mtu wa tabaka la Shudra hakuwa na nafasi humo, na mwanamke alitajwa zaidi kama mke wa kuachwa kwa wanawe au wa kufuata msituni. Hadi leo katika mji wa Vrindavan, India, wapo wajane wengi wazee wanaoishi kwa sadaka mahekaluni, baadhi yao wakiwa wametelekezwa na jamaa zao. Huko si kuachilia dunia. Ni dunia iliyowaachilia wao.

Tofauti hiyo, baina ya mtu anayeachilia na mtu aliyevunjika moyo, imesimuliwa vizuri katika Mahabharata, utenzi mrefu wa Wahindu. Mfalme Dhritarashtra alizaliwa kipofu. Mwanawe Duryodhana alipowadhulumu binamu zake ufalme, baba alijua ni makosa lakini hakuweza kumkanya, kwa jinsi alivyompenda. Vita vikazuka, na katika siku 18 wana wote 100 aliozaa na malkia Gandhari wakauawa. Mshindi, Yudhishthira, alimweka mzee huyo katika jumba lake na kumheshimu kama baba. Dhritarashtra akakaa humo miaka 15.

Si kwamba alikaa kwa amani. Bhima, nduguye Yudhishthira, hakumsamehe kamwe. Alikuwa akijipigapiga mikono kwa majivuno na kusema, mzee akisikia, kwamba hiyo ndiyo mikono iliyowamaliza wana wa kipofu. Fikiria mtu wa umri ule, anayekula chakula cha waliowaua wanawe, na kila siku anasikia maneno kama hayo. Mwishowe akaanza kufunga kula, akaomba ruhusa ya kwenda msituni. Yudhishthira hakuwa akijua anayotenda nduguye, akashtuka na kukataa, hadi mzee wa hekima Vyasa alipoingilia kati.

Siku ya kuondoka, Kunti, mama yake Yudhishthira na Bhima, alimshika Gandhari mkono akafuatana nao. Wanawe walidhani anawasindikiza tu. Walipotambua kwamba harudi walilia na kumsihi. Ufalme ulikuwa wao sasa. Kwa nini mama auache wakati wa kuufurahia? Kunti aliwajibu kwamba aliwahimiza wapigane ili wasidhalilike, wala hakuwa amekusudia yeye mwenyewe ale matunda ya ushindi. Akaenda kuwahudumia shemeji yake kipofu na mkewe. Wote watatu walifia huko katika moto wa msitu.

Watu wawili, njia moja, msitu mmoja. Mmoja alisukumwa na maneno ya nyumbani baada ya kuchelewa miaka 15. Mwingine alitoka akiwa ameshiba. Mtu anayewatazama kwa mbali angewaita wote wawili wachaji Mungu, lakini kama ningekuwa daktari wao, ni Dhritarashtra ambaye ningemwekea kiti na kumhoji kwa saa nzima.

Wataalamu wa akili wa zama zetu walifika karibu na hapo kwa njia yao. Erik Erikson, aliyeandika mwaka 1950 kuhusu hatua nane za kukua kwa binadamu, aliiweka ya mwisho kuwa vuta nikuvute baina ya kuyakubali maisha yako jinsi yalivyokuwa na kukata tamaa. Baadaye alikwenda India kuchunguza maisha ya Gandhi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Huko alikutana na kijana aitwaye Sudhir Kakar, ambaye alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa akili na kufariki mwaka 2024. Mwaka 1968 Kakar alichapisha makala akilinganisha hatua za Erikson na ashrama.

Jambo moja katika utaratibu wa kale siwezi kulikubali nikiwa daktari, nalo ni upweke. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa, yangepunguza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Kutengwa na watu ni mojawapo. Kwa hivyo sitamwambia mgonjwa wangu yeyote akaishi peke yake porini. Wahindu wengi nao hawaendi. Bhagavad Gita, sehemu mashuhuri ya Mahabharata, inafundisha kwamba kinachopaswa kuachwa ni kule kung'ang'ania matunda ya kazi, wala si kazi yenyewe. Mzee anaweza kukabidhi funguo za duka na bado aketi pale mlangoni asubuhi kusalimia wateja, mradi asimkosoe mwanawe mbele yao. Hiyo pekee ni sanyasa ngumu kuliko ya msituni!

Anayekwenda hatua ya nne kikweli huachana na dunia hata kisheria. Sanyasi hujifanyia ibada ya mazishi angali hai, na afapo wengi wao huzikwa badala ya kuchomwa kama Wahindu wengine. Sheria ya ndoa za Wahindu ya India ya mwaka 1955 inamruhusu mke au mume kudai talaka iwapo mwenzake ameikana dunia na kuingia katika utawa.

Wengi wetu hatuna msitu wala utawa. Tuna wazazi waliostaafu, na siku moja baba anaanza kunyamaza. Hataki mkutano wa ukoo, hataki habari za redio, anasema mambo ya dunia yamemchosha. Je, amekua kiroho au anaugua?

Tazama anachokula na anavyolala. Aliyeachilia hupungukiwa na haja ya kutawala, lakini chakula bado kina ladha kwake, usingizi anaupata, na mjukuu akimkimbilia uso hung'aa. Huwa mwepesi wa kusamehe. Mwenye ugonjwa wa huzuni hupoteza hata vile vilivyompendeza. Huamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi kuche, hukonda, hujilaumu kwa makosa ya miaka 40 iliyopita, husema amekuwa mzigo na afadhali angekufa. Wapo wasiosema neno lolote la huzuni. Hulalamikia tumbo, mgongo na kichwa tu, na hupimwa malaria mara tatu.

Hali hiyo ikizidi wiki mbili, mpeleke hospitali, na usikubali aambiwe kwamba ni uzee. Daktari anapaswa kumuuliza waziwazi iwapo amefikiria kujiua; kumuuliza hakumpi wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Ugonjwa huu una tiba, ya mazungumzo na ya dawa, hata kwa mtu wa miaka 80. Beba dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, kwani baadhi huleta unyong'onyevu. Tezi ya shingoni ichunguzwe kwa kipimo cha damu. Na masikio yake yapimwe pia, maana nimeona zaidi ya mzee mmoja aliyedhaniwa ameipa dunia kisogo, kumbe alikuwa hasikii kinachosemwa mezani.