Baruti na joto: kwa nini mzigo huu haufai kukaa juani

Alfajiri ya Julai 11, 2011, kontena za baruti zililipuka katika kambi ya jeshi la majini ya Mari, kusini mwa kisiwa cha Cyprus. Watu 13 walifariki, wakiwemo askari na wazima moto, na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Kituo kikubwa cha umeme cha Vasilikos kilichokuwa jirani kiliharibika vibaya, na nchi ikapoteza takriban nusu ya umeme wake.

Baruti hiyo haikuwa imewekwa pale kwa ajili ya vita. Ulikuwa mzigo uliozuiwa. Mwaka 2009 meli iitwayo Monchegorsk, iliyokuwa ikitoka Iran kwenda Syria, ilisimamishwa kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Kontena 98 zikashushwa na kupangwa uwanjani, zikabaki hapo kwa zaidi ya miaka miwili, kiangazi baada ya kiangazi, huku wakubwa wakijadiliana nini kifanyike. Mwaka 2013 aliyekuwa waziri wa ulinzi alihukumiwa kifungo kwa uzembe huo.

Kwa mfanyabiashara au msafirishaji wa Afrika Mashariki, kisa hiki kina somo moja kubwa: karatasi za mzigo zinaweza kusubiri, lakini baruti iliyo kwenye joto haisubiri.

Baruti gani tunayozungumzia

Baruti ni za aina mbili kuu, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni baruti nyeusi ya zamani, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Hii haiharibiwi sana na joto la kawaida, lakini cheche ndogo tu, hata ya umeme wa msuguano, inatosha kuiwasha.

Ya pili ni baruti isiyotoa moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Ndiyo inayotumika katika risasi za leo. Ndiyo pia inayouzwa kwenye makopo kwa wawindaji na walenga shabaha, hasa Marekani, ambako watu wengi hujaza upya maganda ya risasi wakiwa nyumbani kwao.

Baruti hii ya pili hutengenezwa kwa nitroselulosi, kemikali ambayo kwa asili yake huoza taratibu tangu siku inapotoka kiwandani. Ikioza hutoa gesi yenye asidi, na gesi hiyo huharakisha uozo zaidi. Ndiyo maana viwanda huongeza kidogo kemikali ya kutuliza, kama difenilamini, ambayo kazi yake ni kumeza gesi hiyo. Dawa hiyo ya kutuliza ikiisha, baruti huanza kujipasha moto yenyewe, na mwishowe inaweza kuwaka bila kiberiti wala cheche.

Joto linafanya nini hasa

Wapo wanaodhani kwamba madhali baruti haijawaka leo juani, basi ni salama. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Joto la jua haliwashi baruti nzuri papo hapo. Linachofanya ni kuizeesha. Kwa makadirio ya kawaida ya wanakemia, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya uozo huongezeka mara mbili au zaidi. Baruti ambayo ingedumu miaka mingi kwenye chumba chenye ubaridi inaweza kuchakaa kwa muda mfupi sana katika kontena la chuma ambalo ndani yake joto limepita nyuzi 50.

Baya zaidi ni kwamba joto hilo halisahauliki. Mzigo ukipigwa na jua wiki tatu kisha ukahamishiwa kivulini, umri uliopotea haurudi. Anayeupokea hawezi kujua umepitia nini, isipokuwa wewe uliyeusafirisha umwambie.

Wafaransa walilijua hili kwa gharama kubwa. Manowari zao mbili, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka zikiwa bandarini Toulon, na baruti iliyochakaa ghalani ndiyo iliyolaumiwa. Karibu zaidi na kwetu, ghala la silaha la Malhazine mjini Maputo lililipuka Machi 22, 2007, likaua zaidi ya watu 100. Joto kali la siku hizo lilitajwa miongoni mwa sababu.

Wanaohifadhi nyumbani wanafanyaje

Marekani, ambako sheria inaruhusu, kanuni za usalama wa moto zinazofuatwa sehemu nyingi zinataka mtu asiweke nyumbani zaidi ya ratili 20, yaani kama kilo 9, ikiwa katika makopo yake ya kiwandani. Kuanzia hapo hadi ratili 50, baruti lazima iwe ndani ya sanduku au kabati la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja.

Kwa nini mbao na si chuma? Baruti isiyotoa moshi ikiwaka mahali penye upenyo huungua kwa kasi sana. Ikiwaka ndani ya chuma kigumu kilichofungwa kabisa, gesi hukosa pa kutokea na moto hugeuka mlipuko. Mbao huchelewesha joto la nje kuingia, na huachia mapema ikibidi. Kwa hiyo kuifungia baruti kwenye sefu ya chuma ni kutengeneza bomu kwa nia njema.

Kanuni nyingine ni nyepesi kukumbuka. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, lenye jina na tarehe. Isiwekwe darini, chini ya bati, gereji yenye joto, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Viwashio vya risasi vikae mbali nayo. Petroli, rangi na tindikali visikae chumba kimoja nayo. Ya zamani itumike kwanza.

Dalili za baruti iliyochakaa

Baruti nzuri hunukia kidogo kama spiriti. Iliyoharibika ina harufu kali ya asidi inayochoma pua. Ukifungua kopo ukaona mvuke wa rangi ya kahawia iliyoiva, vumbi kama kutu, punje zilizogandana, au kopo limeota kutu kwa ndani, hiyo si bidhaa tena, ni hatari. Na kama kopo au kontena lina joto kuliko vitu vilivyo kando yake, au limevimba, ondoka na uondoe watu. Siku chache kabla ya maafa ya Mari, kontena mojawapo lilikuwa tayari limevimba.

Kwa msafirishaji wa mpakani

Tanzania na Kenya zote zina sheria ya baruti, na kuihifadhi au kuisafirisha bila kibali ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kuificha na jua, bali je, una kibali cha pande zote mbili za mpaka? Katika usafiri wa kimataifa baruti isiyotoa moshi kwa kawaida huandikwa namba UN 0161, daraja 1.3C, na gari hubeba kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukipewa mzigo wenye namba hiyo ukaambiwa ni "bidhaa za michezo" tu, ukatae.

Wenye vibali nao wapange safari kwa saa, si kwa siku. Hakikisha karatasi za nchi zote zimekamilika kabla gari halijaondoka ghalani, ili lisije likalala kwenye foleni ya Tunduma au Namanga mchana kutwa. Mzigo ukizuiwa, mweleze ofisa wa forodha kwa maandishi kwamba unahitaji kivuli na hewa, na ubaki na nakala. Andika tarehe, saa na mahali gari liliposimama. Turubai lililobana juu ya kontena halileti ubaridi. Paa lenye nafasi ya hewa katikati ndilo linalosaidia.

Ukiona dalili tulizotaja, usijaribu kuimwaga wala kuichoma mwenyewe. Zima injini, sogeza watu mbali na uite polisi. Gharama ya mzigo uliotelekezwa hulipika. Wazima moto wa Mari waliitwa kwenye moto ambao ungeweza kuepukwa kwa kivuli na uamuzi wa mapema.