Titi Limetulia, Mji wa Mimba Umeamka

Msomaji wa Morogoro ananiuliza kuhusu mama mkwe wake, ambaye hedhi ilishakatika zamani na sasa anameza tamoksifeni kwa saratani ya titi. Ameona matone ya damu, na ultrasaundi inasema utando wa ndani ya mji wa mimba umenenepa. "Dada, si mlituambia dawa hii inazuia homoni? Sasa kinachonenepesha ni nini?"

Damu baada ya hedhi kukoma haisubiriwi, hata tone moja. Aende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na vidonge asiviache kwa uamuzi wake. Sasa tuingie kwenye swali, maana ni tamu.

Seli za titi na za mji wa mimba zina vipokezi vya estrojeni, protini ambazo homoni ikizishika huwasha jeni za ukuaji. Chukulia kipokezi ni daladala na estrojeni ni dereva wake: akikaa, starta inashika, gari linaondoka. Tamoksifeni ni deiwaka aliyewahi kiti. Dereva hana pa kuingia, na deiwaka mwenyewe ana mkia mrefu wa kemikali unaosukuma kipande cha mwisho cha protini kutoka mahali pake. Starta kimya. Kwenye titi, hadithi inaishia hapo.

Ila gari husukumwa pia kwa nyuma. Kipokezi kina sehemu ya pili ya kuwashia, upande wa pili kabisa, ambayo deiwaka haizibi. Zinazosukuma huko ni protini wasaidizi. Ningeziita viamshi-wenza, lakini neno linanuka ofisi, basi ni wapiga debe. Mwaka 2002 Yongfeng Shang na Myles Brown walionyesha kuwa seli za mji wa mimba zimejaa mpiga debe mmoja, SRC-1, kuliko seli za titi. Walipomnyamazisha, tamoksifeni ilikosa nguvu ya kuwasha jeni zile; walipomwongeza kwenye seli za titi, deiwaka yule yule akaondoka na gari.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la 1988, la Marco Gottardis, Craig Jordan na wenzao. Panya mmoja alipandikizwa uvimbe wa titi wa binadamu ubavu mmoja na uvimbe wa mji wa mimba ubavu wa pili. Akapewa tamoksifeni: wa titi ukazuiliwa, wa pili ukakua.

Hatari ni ndogo. Katika utafiti wa ATLAS, waliomeza miaka kumi walikuwa na hatari ya asilimia 3.1 ya kupata saratani ya mji wa mimba, dhidi ya 1.6 kwa walioacha baada ya mitano. Na si kila unene ni ugonjwa: tamoksifeni huvimbisha tishu iliyo chini ya utando na kuijaza vijishimo vya maji, picha ikasoma milimita nyingi bure. Ndiyo maana daktari huchukua kipande kidogo kikapimwe kwa hadubini.

Wengi waliokoma hedhi hupewa anastrozoli au letrozoli, zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni kwenye mafuta. Hapo dereva haajiriwi kabisa na mji wa mimba unapumzika. Mifupa ndiyo inayolipa, kwani huko deiwaka alikuwa akiisaidia.