Hitilafu Haitafutwi kwa Kelele

Sisi wa Visiwani tukitajiwa reli hudhani kwamba hilo ni jambo la ndugu zetu wa Bara peke yao. Tumekwisha kusahau kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 garimoshi lilikuwa likipita mjini Unguja kuelekea Bububu. Reli ninayotaka kuizungumza leo ni ndogo kuliko hiyo, kwani inaenea juu ya meza. Hata hivyo, somo nililolipata mezani hapo linawahusu wote waliokabidhiwa mali ya umma, na hasa wale walioko maofisini.

Mwaka jana nilisafiri kikazi kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Nililala Iringa, na kesho yake nikaendelea hadi Mbeya. Mji wa Iringa haukupitiwa na reli. Barabara inakutana na njia ya TAZARA kule Makambako, mji uliokuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka ulipoundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ilikabidhiwa rasmi kwa serikali zetu mbili mwezi Julai 1976. Sehemu yake iliyowatoa jasho zaidi wajenzi ni ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki na madaraja mengi.

Mwenyeji wangu wa Mbeya ni mzee mwenye asili ya Iringa, fundi mstaafu wa ishara za reli. Baada ya kuamkiana, yeye kwa "kamwene" na mimi kwa "shikamoo", alinipeleka katika chumba cha nyuma. Humo alikuwa ameijenga sehemu hiyo ya Mlimba na Makambako juu ya mbao, kwa udongo, magunia na karatasi. Treni zenyewe, zisizozidi urefu wa mkono, aliletewa na mwanawe anayefanya kazi Ujerumani. Bahati mbaya siku hiyo hakuna hata moja iliyokwenda. Mjukuu wake, kijana anayesomea ufundi, alikuwa amekwisha kufungua sanduku la kuongozea, na alikuwa akidai kwamba limekufa na kwamba liagizwe jipya.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Katika treni za mfano za zamani, umeme ulipoongezwa, treni zote zilizokuwa juu ya njia hiyo zilikwenda mbio pamoja. Katika mtindo wa sasa, ambao kanuni zake zilienea katika miaka ya 1990 kutokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, reli mbili hubeba vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani nguvu na amri. Umeme hugeuzwa upande maelfu ya mara kwa sekunde. Mgeuko mfupi una maana yake, na mrefu una maana nyingine, mithili ya herufi. Ndani ya kila kichwa cha treni kimo chombo kidogo chenye namba yake, kinachosikiliza amri iliyotajwa kwa namba hiyo na kuziacha za wenzake. Basi waya mbili zikigusana mahali pamoja tu, sanduku hujikata ili lisiungue, na treni zote husimama, hata ile iliyo mbali na penye kosa.

"Babu, sanduku limeharibika," alisema kijana.

"Sanduku limekataa kuungua," alijibu mzee. "Kukataa si kuharibika."

Kisha akaanza kazi bila haraka. Kwanza aliondoa treni zote juu ya reli, akawasha. Sanduku likajikata tena. Hapo akasema kwamba treni hazina hatia, na tusizitaje tena. Pili, alizima umeme, akafungua nusu ya nyaya zinazolisha reli, akawasha. Safari hii umeme ulitulia, maana yake kosa limo katika ile nusu iliyofunguliwa. Akairudisha nusu ya hiyo nusu, akajaribu tena. Na kwa kugawa hivyo mara nne akabakiwa na kipande kimoja cha njia, karibu na mahali reli zinapogawanyika, ambapo watu wa reli hupaita pointi. Alipoinama chini ya meza na taa, aliona msumari uliopigwa na kijana ili kuzishika nyaya zisining'inie. Msumari ule ulikuwa umetoboa ganda la waya mbili kwa pamoja.

Nilikumbuka chuoni, tulipokuwa tukisoma hijai mbele ya maalimu. Mtoto akikosea neno, maalimu hakulirudia neno zima kwa sauti kubwa; alimrudisha kwenye herufi, moja baada ya moja, mpaka ipatikane ile iliyomkwaza. Kumbe fundi naye hufanya vivyo hivyo.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini mzee alitoa mfukoni sarafu ya shilingi 200, akailaza juu ya reli mbili kule mwisho wa njia. Kwa kufanya hivyo alileta shoti kwa makusudi, na sanduku lilipaswa kujikata mara moja. Halikujikata. Alipoiondoa sarafu kwa koleo, ilikuwa imeanza kupata moto. Akanieleza kwamba kule mbali umeme ulikuwa ukipita katika viungo vya reli vilivyolegea na kushika kutu. Hivyo hata shoti ikitokea, mkondo haufikii kiasi cha kuliamsha sanduku. Alilehemu waya mpya kutoka kwenye waya mnene wa chini ya meza hadi kwenye reli hiyo, akaijaribu tena kwa sarafu, na sanduku likajikata papo hapo.

"Mwanangu," aliniambia, "usimwogope mlinzi anayepiga kelele. Mwogope yule anayenyamaza wakati nyumba inaungua."

Maneno hayo yalinirudisha nyumbani. Kisiwa cha Unguja kilianza kupata umeme kutoka Bara mwaka 1980, kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, kuanzia Mei hadi Juni. Na kuanzia Desemba 2009 tulikaa tena kiasi cha miezi mitatu. Maji yalikatika kwa sababu pampu zilisimama, wavuvi wakakosa barafu, na mwenye uwezo akanunua jenereta. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja kuzinduliwa mwaka 2013. Ni kweli kwamba penye mlisho mmoja, hata fundi hodari hana nusu ya kuigawa. Ndiyo sababu jambo la njia ya pili na la kupima kabla ya balaa si la mafundi tu. Ni la wale wanaopanga bajeti.

Aidha, mzee yule alikuwa na daftari. Kila waya wa meza ile umeandikwa humo rangi yake, namba yake, unakotoka na unakokwenda. Alisema kwamba desturi hiyo aliipata kwa mafundi wa Kichina waliomfundisha kazi ujanani. Msumari wa mjukuu ulileta balaa kwa kuwa ulipigwa bila daftari kufunguliwa. Je, ni ofisi ngapi zetu, skuli ngapi na hospitali ngapi zilizo na mchoro wa nyaya za majengo yao? Nimewahi kuona jengo moja la umma ambamo fundi aliyejua swichi ipi inazima chumba kipi alistaafu, na ujuzi ukaondoka naye. Kilichofuata ni kuvunja kuta ili kutafuta waya, na mwishowe kikaombwa kifaa kipya cha fedha nyingi ilhali cha zamani hakikuwa na kosa.

Ndugu viongozi, mambo hayo hayahitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Yanahitaji daftari linaloandikwa, vipimo vinavyofanywa kwa ratiba, na subira ya kugawa tatizo kabla ya kumtaja mkosaji. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili uuzibe ufa ni sharti kwanza ujue ulipo.

Nilipoaga, treni ndogo ilikuwa ikipanda kutoka Mlimba, ikaingia handakini, ikatokea upande wa pili. Kijana alikuwa ameketi sakafuni, daftari la babu yake mapajani, akiandika namba ya waya mpya.