Kadi Nzima, Mashine Haiitaki

Maandishi meupe kwenye kioo cheusi, tena kwa Kiingereza, yanasema mashine imefungwa kadi ya mtandao isiyoidhinishwa, izime, uitoe. Pamoja nayo kuna namba: 1802. Hapo ndipo ThinkPad X230 inapogoma. Haifiki Windows, haifiki Linux, na ukiizima na kuiwasha inarudi palepale. Mwenyewe amenunua kadi nyingine ya Wi-Fi, ameikaza vizuri, nyaya zimekaa, skrubu zote zimerudi mahali pake na hakuna hata moja iliyobaki mezani. Kazi ya mikono imekwisha. Kilichokataa ni mashine.

Kubadilisha kadi ya mtandao ni miongoni mwa matengenezo mepesi kabisa kwenye kompyuta mpakato. Hakuna cha kuchomelea, hakuna kifaa cha bei mbaya zaidi ya bisibisi ndogo. Ugumu uko kwingine: kwa kampuni iliyoitengeneza mashine, na kwa programu itakayoiendesha kadi. Wengi huanza na bisibisi, mambo hayo mawili wakayakuta baadaye, fedha ikiwa imeshatoka.

X230 ilitoka mwaka 2012. Mashine za aina hii hununuliwa na makampuni ya Ulaya na Marekani kwa ajili ya wafanyakazi wao, hutumika miaka michache, kisha huuzwa kwa jumla. Nyingi huishia kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, ambako matangazo huziita ex-UK. Ni mashine ngumu, kibodi yake inasifiwa, na vipuri vyake bado vinapatikana. Lakini si X230 zote zilitoka kiwandani na kadi moja. Baadhi zilifungwa Intel Centrino Wireless-N 2200, ambayo inasikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Nyingine zilipata Centrino Advanced-N 6205, inayosikia 2.4 na 5. Ukiziweka dukani zikiwa zimezimwa, huwezi kuzitofautisha.

Tofauti huonekana siku faiba inapofika nyumbani. Fundi wa kampuni ya intaneti anafunga ruta inayorusha mitandao miwili, mmoja jina lake likiishia na 5G (hiyo ni gigahezi 5, haina undugu na 5G ya simu). Simu inaiona yote miwili. Laptopu inaona mmoja tu, tena ule ambao jengo zima linaugombania. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Ghorofa lenye wapangaji ishirini na ruta ishirini linagawana hizo tatu, pamoja na Bluetooth na maikrowevu za jikoni, ambazo nazo hupiga kelele kwenye masafa hayohayo. Ndiyo maana mtu analipia faiba, simu mkononi inacheza video bila kukwama, na laptopu iliyo pembeni yake inazunguka tu.

Zamani kadi haikuwa ndani kabisa. Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilipitishwa mwaka 1997, na kamati yake iliongozwa na mhandisi Mholanzi, Vic Hayes. Kasi ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 Steve Jobs alisimama jukwaani New York na iBook mkononi, akawa anavinjari huku anatembea, kisha akaipitisha kwenye duara la plastiki la kuchezea watoto ili watu waone hakuna waya uliofichwa. Kadi ya AirPort iliyofanya kazi hiyo iliuzwa kando, dola 99. Wenye Windows wao walichomeka kadi ubavuni mwa mashine, kwenye tundu la PCMCIA, kipande cha antena kikichungulia nje. Machi 2003 Intel ikaleta Centrino, ikauza prosesa, chipu na kadi ya Wi-Fi kwa jina moja. Kadi hiyo, PRO/Wireless 2100, iliishia megabiti 11 wakati washindani tayari walikuwa na 54. Lakini ilikuwa ndani, na mnunuzi hakulazimika kuifikiria. Wengi hawajaifikiria tena hadi inapokufa.

Kabla ya kugusa skrubu, kuna ukaguzi mmoja wa bure. X230 ina swichi ndogo ya redio ubavuni, ambayo husogea yenyewe mashine ikiwa inaingizwa kwenye begi. HP nyingi zina kitufe cha kazi hiyohiyo kwenye kibodi, safu ya juu. Kadi nzima inaweza kutolewa, nyingine ikanunuliwa, kumbe ni swichi. Kwenye Linux, amri ya rfkill list humaliza ubishi: ikijibu "Hard blocked: yes", usihangaike na draiva, anza na swichi.

Baada ya hapo mashine inazimwa, chaja inachomolewa, betri inatolewa. Modeli zenye betri ya ndani, kama ThinkPad T480, zina utaratibu wake: unaingia BIOS, programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa, kwa F1, unachagua kuizima betri ya ndani, mashine inalala na haiamki mpaka chaja irudi. Kwenye X230 kadi iko chini ya kibodi na ile sehemu ya kupumzishia viganja, kwa hiyo vyote viwili vinatoka. Lenovo, kampuni inayotengeneza ThinkPad, imeuweka wazi bure mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo, wenye mchoro wa kila skrubu, na anayetaka kujifunza kazi hii aanzie hapo, si kwenye video ya dakika mbili yenye muziki.

Kadi yenyewe ina milimita 30 kwa takriban 27. Nyaya mbili au tatu nyembamba zinashuka kutoka kwenye kioo, zinapita kwenye bawaba, na kila mmoja unaishia kwenye kishikizo cha duara cha milimita mbili hivi. Antena ziko huko juu, pembezoni mwa kioo. Mashine iliyobadilishwa kioo kwa pupa inaweza kurudi na Wi-Fi dhaifu kwa sababu hiyo tu. Kishikizo huinuliwa wima kwa ukucha au kijiti cha plastiki. Hauvutwi waya hata kidogo. Wakati wa kurudisha, kinawekwa juu ya tundu lake, kinasogezwasogezwa mpaka kijione katikati, kisha kinabonyezwa kwa ncha ya kidole mpaka kilie "tk". Kisipolia hakijaingia, na ukikilazimisha kikiwa upande kinabonyea. Hirose, kampuni ya Japani iliyobuni vishikizo hivi vya U.FL, huvihesabia kuchomekwa mara 30 tu, kwa hiyo si kitu cha kuchezea.

Waya upi uende wapi? Kwenye ThinkPad wa kijivu huenda kwenye alama ya MAIN, mweusi kwenye AUX. Kwa watengenezaji wengine utakuta mweupe na mweusi. Cha uhakika ni kupiga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Nyaya zikisahaulika, kadi bado itawaka na hata kuiona ruta iliyo chumba hichohicho. Ukihamia sebuleni mtandao unapotea, na hiyo ndiyo dalili.

Halafu mashine inawashwa, na 1802 inatokea.

Ndani ya BIOS ya X230 kuna orodha ya kadi zinazokubalika. Kila kadi inayokutwa kwenye nafasi ile inasomwa namba zake za utambulisho kabla mashine haijaendelea. Ni mlinzi wa getini mwenye karatasi ya wageni: hajali umevaa nini, anatafuta jina. HP nayo ilikuwa na kizuizi kama hicho kwenye modeli za miaka hiyo, ujumbe wake ukianza na 104. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mamlaka za mawasiliano, hasa FCC ya Marekani, huidhinisha kadi pamoja na antena zake, hivyo kadi ngeni huvuruga idhini hiyo. Hoja ina ukweli wake. Lakini walikuwapo waliouza mashine katika soko hilohilo la Marekani bila kufuli lolote, na kufuli, kwa bahati nzuri ya muuzaji, lilimrudisha mteja kwake kila kadi ilipoharibika.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kadi hiyohiyo ya Intel 6205, ikitoka kwenye laptopu ya kampuni nyingine, inaweza kukataliwa. Namba za utambulisho zina sehemu ya aliyetengeneza kadi na sehemu ya kampuni iliyoiagiza, na orodha inasoma zote. Fundi aliyezoea huangalia kibandiko cha kadi kwanza, akitafuta FRU, yaani namba ya kipuri ya Lenovo. Iwapo ipo, biashara inaendelea. Kwa X230 hilo ndilo jibu la busara: 6205 yenye namba hiyo inaishia megabiti 300, si ya kisasa, lakini inasikia gigahezi 5 na mashine inaipokea bila neno.

Wapo wasiotaka kuridhika na hapo. Wapenzi wa ThinkPad wametengeneza programu iitwayo 1vyrain, inayofungua BIOS ya mashine za kizazi hicho na kuifuta orodha, ili uweke kadi yoyote inayoingia. Inafanya kazi. Inahitaji pia BIOS irudishwe toleo la zamani, subira, betri iliyojaa na chaja iliyochomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya uandishi, utabaki na mashine isiyowaka kabisa. Anayeitegemea laptopu hiyo kwa riziki ni heri achukue kidude cha Wi-Fi cha USB. BIOS haikiulizi chochote.

Mashine za miaka ya karibuni kwa sehemu kubwa zimeachana na kufuli hilo, zikaja na mitego mingine. Kadi imekuwa ya M.2, milimita 22 kwa 30, na vishikizo vya antena vimekuwa vidogo zaidi, hivyo waya wa mashine ya zamani hauingii. Ukizitazama, Intel AX200 na AX201 ni pacha. Ya kwanza ni kadi kamili, inaweza kuishi hata kwenye mashine ya AMD. Ya pili sehemu ya ubongo wake imebaki ndani ya chipu za Intel za kizazi kinachoihitaji. Ukiifunga kwenye mashine ya AMD au ya Intel ya zamani, haionekani kabisa. Muuzaji asiyejua atakuuzia yoyote kati ya hizo mbili kwa bei moja na kwa moyo mweupe. Halafu kuna laptopu nyembamba, kama Dell XPS 13 9370 ya mwaka 2018, ambazo kadi yake imechomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Hapo hakuna cha kufungua.

Ikishakubaliwa, kadi inahitaji draiva, na hapa ndipo mtu hujikuta anazunguka: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inasubiri draiva. Windows 11 inaiweka wazi adha hiyo zaidi, kwa sababu hudai mtandao wakati wa kuandaliwa kwa mara ya kwanza. Kadi isipotambuliwa, safari inaishia kwenye ukurasa huo. Dawa iko mfukoni. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB, kisha ikawashwa kugawa intaneti kupitia waya huo, kompyuta huiona kama kadi ya mtandao na kwa kawaida haihitaji draiva ya ziada. Bando kidogo linatosha kupakua faili la Intel au la Realtek. Ila kwa Windows 7 usijidanganye: Intel haikutoa draiva ya AX200 kwa toleo hilo, na hakuna fundi atakayeitoa hewani.

Kwenye Linux mambo yamepoa. Katika miaka ya 2000 mwenye kadi ya Broadcom alilazimika kutumia ndiswrapper, programu iliyoazima draiva ya Windows na kuiendesha ndani ya Linux, na usiku mzima uliishia hapo. Leo kadi za Intel zinaendeshwa na draiva iliyomo kwenye kiini chenyewe cha Linux: AX200 inataka toleo la 5.1 au zaidi, AX210 inataka 5.10. Kinachokosekana mara nyingi ni faili dogo la programu ya ndani ya kadi. Kwa miaka mingi Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, haikuliweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji kwa sababu si programu huria. Ilibadili msimamo kwa toleo la 12, Juni 2023.

Baada ya yote hayo kasi itapanda? Inategemea kilichokuwa kinaibana. AX210 ina uwezo wa megabiti 2,400 kwenye karatasi, lakini kifurushi cha faiba cha megabiti 20 kitabaki 20. Anayefaidika kweli ni yule wa ghorofani mwenye kadi ya 2.4 pekee, kwa sababu anatoka kwenye msongamano. Aliye kwenye nyumba ya peke yake, ruta ikiwa vyumba vitatu mbali na kuta za tofali, anaweza kugundua kuwa gigahezi 5 haimfikii vizuri na kurudi kulekule kwa zamani.

Na kwa laptopu zilizotoka Marekani kuna la ziada. Kule Wi-Fi ya gigahezi 2.4 kwa kawaida huishia chaneli ya 11. Ulaya hufika ya 13, na ruta nyingi zinazouzwa kwetu zinaruhusu hivyo. Kadi iliyowekewa kanuni za Marekani inaweza isisikilize kabisa chaneli 12 na 13. Ruta ikiachwa ijichagulie yenyewe na ikaangukia 13, simu zote nyumbani zitauona mtandao, laptopu peke yake itasema haupo. Kabla ya kumpigia fundi, fungua ukurasa wa ruta, toa chaneli kwenye "auto", weka 1, 6 au 11, kisha tazama tena orodha ya mitandao.