Carnival au Royal Caribbean? Nauli Peke Yake Isikuamulie

Msimu wa baridi unapoingia Marekani ya Kaskazini, biashara ya safari fupi za meli kutoka Florida kwenda Bahamas hupamba moto. Matangazo ya punguzo huwa mengi zaidi kati ya Januari na Machi, kipindi ambacho kampuni za meli hukitegemea kuuza vyumba vya mwaka mzima. Wakenya na Watanzania waishio Minneapolis, Dallas au Toronto ni miongoni mwa wanaolengwa na matangazo hayo, na ndugu zao wanaowatembelea kutoka nyumbani nao huulizana swali lile lile: kwa siku tatu au nne, tupande Carnival au Royal Caribbean?

Wengi hulijibu kwa kutazama nauli. Kwa mfanyabiashara, hilo ni kosa analolijua vizuri. Hakuna mwagizaji wa bidhaa anayelinganisha bei ya kiwandani peke yake bila kupiga hesabu ya usafirishaji, bima, ushuru na gharama za kuutoa mzigo bandarini. Nauli ya meli ni bei ya kiwandani. Kinachotakiwa kulinganishwa ni gharama mpaka mlangoni.

KWA NINI NAULI HUWA NDOGO

Daladala ikishatoka kituoni, kiti kitupu hakiuziki tena. Chumba cha meli ni hivyo hivyo. Meli italipa mafuta, mishahara na ada za bandari iwe imejaa au haikujaa, kwa hiyo kampuni huona afadhali kupunguza nauli kuliko kuondoka na vyumba vitupu. Abiria akishaingia melini, mauzo ya pili huanza: vinywaji, picha, kamari, intaneti, migahawa ya kulipia na matembezi ya nchi kavu.

Hesabu za mwaka 2024 zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Carnival Corporation, inayomiliki Carnival Cruise Line na kampuni nyingine kama Princess na Cunard, ilipata mapato ya dola za Marekani bilioni 25 na faida halisi ya dola bilioni 1.9. Royal Caribbean Group ilipata mapato ya dola bilioni 16.5 na faida halisi ya dola bilioni 2.9. Kwa zote mbili, takriban theluthi moja ya mapato haikutokana na nauli, bali na matumizi ya abiria baada ya kukata tiketi. Anayepanga safari kwa nauli tu amepanga theluthi mbili ya bajeti yake.

BIDHAA ZENYEWE

Kampuni hizi zote zilizaliwa Miami. Royal Caribbean ilianzishwa mwaka 1968 na wenye meli wa Norway. Carnival ilianzishwa mwaka 1972 na Ted Arison, na meli yake ya kwanza, Mardi Gras, ilikwama kwenye mchanga nje ya Miami katika safari yake ya kwanza kabisa. Carnival ilijijenga kwa kuuza safari za bei nafuu kwa watu wa kipato cha kawaida. Royal Caribbean imejijenga zaidi kwa meli kubwa zenye michezo na maonyesho mengi, na hutoza kwa kadiri hiyo.

Kwa miaka mingi safari fupi ziliachiwa meli kuukuu. Julai 2024 Royal Caribbean ilikwenda kinyume na desturi hiyo ilipoileta Port Canaveral meli mpya kabisa, Utopia of the Seas, na kuipangia safari za usiku 3 na 4. Ina ukubwa wa tani zipatazo 236,000 na hubeba abiria 5,668, kwa hesabu ya wawili kila chumba. Carnival Glory, iliyofanya safari fupi kutoka bandari hiyo hiyo mwaka 2025, ilianza kazi mwaka 2003, ina tani 110,000 na hubeba abiria wasiozidi 3,000 kwa hesabu hiyo. Anayelinganisha nauli za meli hizi mbili analinganisha bidhaa mbili tofauti.

Meli nyingi za kampuni hizi hupeperusha bendera za Bahamas na Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani, na ndiyo maana safari hizi hupitia nchi ya nje. Bahamas ndiyo iliyo karibu. Mbali na Nassau, kila kampuni ina ufukwe wake huko. Royal Caribbean hushusha abiria CocoCay, kisiwa ilichokifanyia matengenezo ya dola milioni 250 na kukifungua upya mwaka 2019. Carnival ilifungua Celebration Key katika kisiwa cha Grand Bahama Julai 2025, kwa gharama ya dola milioni 600. Kote kuwili ufukwe na chakula cha mchana vimo ndani ya nauli, lakini pombe ni ya kulipia, na zipo sehemu maalum za watu wazima zenye kiingilio. CocoCay ina pia bustani ya michezo ya maji yenye tiketi yake.

TUPIGE HESABU

Tuchukulie mfano wa mume na mke kwa usiku 3. Nauli hizi ni za mfano tu. Meli ya Carnival ni dola 560 kwa wote wawili, na ya Royal Caribbean ni dola 800, kodi na ada za bandari zikiwemo. Tangu Julai 2024 kampuni zote mbili huonyesha kodi na ada hizo ndani ya bei inayotangazwa Marekani, jambo lililorahisisha kulinganisha.

Ongeza bakshishi ya wahudumu. Mwaka 2025 Carnival ilitoza dola 16 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na Royal Caribbean dola 18.50. Kwa watu wawili na usiku 3, hizo ni dola 96 na dola 111. Tofauti ni dola 15 tu. Bakshishi haiwezi kukuamulia.

Ongeza vinywaji na madogo madogo, tuseme dola 30 kwa mtu kwa siku popote utakapokuwa: dola 180. Carnival inafika dola 836, Royal Caribbean dola 1,091. Tofauti ni dola 255. Igawe kwa watu wawili, kisha kwa usiku 3: unapata dola 42.50 kwa mtu kwa usiku.

Hapo ndipo swali linapokuwa la kibiashara. Je, meli mpya na kubwa zaidi ina thamani ya dola 42.50 zaidi kwako kila usiku? Familia yenye watoto watakaoshinda kwenye mabwawa na michezo inaweza kusema ndiyo. Wenzi wanaotaka kulala, kula na kulitazama bahari watakuwa wamelipia vitu wasivyovigusa. Na mwenye kutafuta utulivu ajue kwamba safari ya Ijumaa hadi Jumatatu ina pilikapilika katika kampuni zote mbili. Safari ya usiku 4 kuanzia Jumatatu mara nyingi huwa nafuu kwa kila usiku, na huwa tulivu zaidi.

Msafiri wa peke yake naye asidanganyike na bei ya "kwa mtu." Bei hiyo ni ya wawili chumbani. Akiwa peke yake, mara nyingi hutozwa karibu nauli ya wawili.

HATARI ZISIZO KWENYE BANGO

Kwanza, ndege. Dhoruba ya theluji ikifunga uwanja wa Minneapolis au Chicago, meli haitakusubiri. Anayefika Florida asubuhi ya siku ya safari anaweka rehani nauli yote. Usiku mmoja wa hoteli kabla ya safari uhesabiwe kama bima.

Pili, hali ya hewa ya Bahamas. Januari si joto la Zanzibar. Upepo wa baridi kutoka kaskazini unaweza kuizuia meli kufunga gati kisiwani. Mkataba wa tiketi huiruhusu kampuni kubadili au kuacha kituo, na kwa kawaida abiria hurudishiwa ada za bandari hiyo tu. Ikiwa sababu yako ya kulipa zaidi ni kisiwa peke yake, pima upya.

Tatu, viza. Meli ikitoka Marekani na kurudi, wewe umeingia nchi hiyo upya. Raia wa Marekani anaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali, lakini mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukwama. Hili liulizwe kabla ya kulipa, kwani tarehe ya kukamilisha malipo huangukia zaidi ya miezi miwili kabla ya safari, na baada yake fedha huanza kukatwa unapoghairi.

NENO KWA WENYE HISA

Kampuni zote mbili zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la New York, na kila moja imekuwa ikimpa mwenye hisa 100 au zaidi dola 50 za kutumia melini katika safari fupi, akiomba kabla ya safari. Mwenye hizo hisa tayari asiache kuomba. Lakini kununua hisa kwa ajili ya dola 50 ni biashara kichaa: katika nusu ya pili ya mwaka 2025 hisa 100 za Royal Caribbean ziligharimu zaidi ya dola 20,000. Za Carnival zilikuwa nafuu mara kadhaa, lakini wenye hisa hawajasahau jinsi meli zilivyosimama Machi 2020, na jinsi Carnival Corporation ilivyopata hasara ya takriban dola bilioni 6 mwaka 2022.

Kwa msafiri, ushauri ni huu: chukua karatasi, andika gharama zote mpaka kurudi nyumbani, toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa watu na kwa usiku. Kama huwezi kutaja kwa jina kitu ambacho tofauti hiyo inakununulia, panda meli ya bei ndogo. Ukiweza kukitaja, lipa bila kinyongo.