Joto la Dunia Chini ya Mabati ya Eastlands

Saa tisa alasiri mwezi wa Februari, chumba cha mabati pale Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi, hakikaliki. Jiko halijawashwa, mlango uko wazi, lakini aliyeketi kitandani joto linamshukia utosini. Mabati yamekunywa jua tangu asubuhi na sasa yanalitema ndani. Inua kiganja karibu na paa bila kuligusa: ngozi itakuambia kuna kitu kinatoka huko juu, ingawa jicho halikioni. Wanafizikia hukiita mionzi ya infraredi, na mionzi hiyo ndiyo kiini cha habari nzima ya ongezeko la joto duniani.

Maana dunia nayo hufanya vivyo hivyo. Mwanga wa jua hupenya angahewa na kuzipasha joto ardhi na bahari, nazo hulirudisha joto hilo juu kwa mionzi hiyo hiyo. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, huiacha ipite. Kaboni dioksidi, methani na mvuke wa maji huinasa, na sehemu yake huirejesha chini. Mwanafizikia John Tyndall alilipima jambo hili katika maabara yake jijini London mwaka 1859. Mwaka 1896 mwanasayansi Svante Arrhenius wa Uswidi alikokotoa kwa kalamu na karatasi kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka hewani, dunia itapata joto. Kwa hiyo anayedai kuwa haya ni mambo yaliyozuliwa juzi amechelewa zaidi ya karne moja.

Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, takriban 280 zilikuwa kaboni dioksidi. Leo zimepita 420. Nyongeza hiyo imetoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na misitu iliyofyekwa na saruji iliyotengenezwa viwandani. Tunajuaje kwamba ni sisi? Kaboni ina alama zake. Ile iliyolala ardhini mamilioni ya miaka imekwisha kupoteza kaboni-14, aina ambayo huoza taratibu, na vipimo vinaonyesha kuwa kaboni ya hewani imezimuliwa na kaboni hiyo kongwe. Tena tabaka la juu la angahewa limekuwa likipoa wakati hili la chini likipata joto. Kama jua lingekuwa limeongeza ukali, matabaka yote mawili yangepata joto. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulizidi wastani wa kabla ya viwanda kwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi.

Katika deni hili la gesi zinazonasa joto, mkazi wa Kayole au Dandora amekopa kidogo mno. Mchango wa Kenya katika gesi hizi haufiki hata asilimia 1 ya dunia, na takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Lakini joto halibishi mlango kwa kufuata nani alichoma nini. Huingia kwanza palipo wazi, na Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, pako wazi.

Katika kiangazi cha 2015/2016 watafiti walitega vipima joto Kibera, Mathare na Mukuru, kisha wakalinganisha na kituo cha Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner. Mitaa hiyo ilizidi kituo kwa nyuzi kadhaa. Uhaba wa miti na msongamano wa nyumba ulihusika. Tofauti hiyo ina maana kubwa: halijoto ya Nairobi inayosomwa kwenye taarifa ya habari huenda si ile ambayo mtoto wa Mathare analala nayo. Huko Korogocho na Viwandani, ambako taasisi ya utafiti wa afya ya APHRC imekuwa ikifuatilia afya ya wakazi tangu 2002, watafiti wamekuta kwamba vifo navyo hufuata mabadiliko ya halijoto, na watoto wa chini ya miaka 5 ni miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Hapa ndipo sayansi ya dunia inapokutana na sera ya jiji. Tembea Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940: paa za vigae, nyumba fupi, nyua pana, miti mikubwa. Mti hupoza kwa kivuli, na pia kwa maji unayoyavuta ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, kazi inayokula joto la hewa. Nenda Buruburu, mtaa wa miaka ya 1970, uone jinsi bustani nyingi za mbele zilivyogeuzwa maduka na vyumba vya kupanga. Kisha ingia Pipeline, ambako ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kugusa ukuta wa jirani na taa huwashwa mchana. Mabati angalau hupoa upesi jua likizama. Zege la ghorofa huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, saa ambazo mwili unahitaji kupumzika.

Mvua nayo imebadilika. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua ikiamua kunyesha hunyesha kwa hasira. Kabla ya hasira hiyo ulikuja ukame: kati ya 2020 na 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika maeneo mengi kame ya Kenya na Pembe ya Afrika. Kisha usiku mmoja wa Aprili 2024 mto Mathare ukafurika, ukabeba nyumba, magodoro na watu. Karibu watu 300 walikufa nchini katika msimu ule.

Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kuwa ongezeko la joto duniani liliipa mvua ya Machi hadi Mei 2024 nguvu zaidi kwa takriban asilimia 5. Ni kiasi kidogo, nao wenyewe walisisitiza kwamba maafa yalitokana pia na namna miji yetu inavyojengwa. Mto umebanwa na nyumba pande zote mbili, mitaro imeziba kwa chupa na mifuko, na udongo mweusi wa upande huu wa jiji, ule unaovimba ukilowa, hunywa maji polepole mno. Baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na familia nyingi zikabaki bila pa kwenda.

Kuna chanzo kimoja cha joto ambacho ni chetu kabisa, nacho ni jaa la Dandora. Lilifunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Maganda ya ndizi na mabaki ya sukuma wiki yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi inayonasa joto takriban mara 28 zaidi kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Katika ploti nyingi bado zote huingia kwenye mfuko mmoja.

Kiwango cha kaboni duniani hakitaamuliwa katika mitaa ya Umoja wala Huruma, na nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe zinastahili kubanwa zilipe. Lakini nafasi kati ya ghorofa na ghorofa, dari chini ya mabati, rangi nyeupe juu yake, miti kando ya mto na lori la pili la taka zinazooza ni mambo ya kanuni za ujenzi na bajeti ya kaunti. Katiba ya 2010 inakupa haki ya kutoa maoni kabla bajeti hiyo haijapitishwa. Kikao cha wadi yako kikiitishwa, nenda, na umuulize mwakilishi wako: mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetengwa kuupoza mtaa wetu?