TIBA YA BAKTERIA WA TUMBO NA ATHARI YAKE KWA VINYAMA VYA TUMBONI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Tukuyu na Wilaya ya Rungwe kwa jumla wanafahamishwa kwamba maradhi ya tumbo yaletwayo na bakteria yanatibika, na kwamba tiba hiyo ikikamilishwa huweza pia kuondosha baadhi ya vinyama vinavyoota ndani ya tumbo, bila ya mgonjwa kukatwa.

Bakteria huyo, aitwaye Helicobacter pylori, aligunduliwa mwaka 1982 mjini Perth, Australia, na madaktari Barry Marshall na Robin Warren, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo vidonda vya tumbo vilidhaniwa kuletwa na fikra nyingi na pilipili. Aghalabu mtu huambukizwa utotoni, na wengi huishi naye bila ya dalili yoyote.

Bakteria huyo huudhuru utando wa tumbo kwa miaka mingi. Utando nao, katika kujiponya mara kwa mara, huota nyama kupita kiasi. Uchunguzi uliotangazwa nchini Japani mwaka 1998 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 15 waliotokwa na bakteria, 12 walitoweka vinyama vyao katika muda wa miezi 3 hadi 15. Wagonjwa ambao hawakutibiwa walibaki na vyao.

Hata hivyo, ifahamike kwamba si kila kinyama ni cha namna hiyo. Viko visivyotokana na bakteria, vikiwemo vinavyoweza kufuatia matumizi ya muda mrefu ya omeprazoli. Viko pia vinavyoweza kugeuka saratani, navyo hapana budi viondolewe. Daktari hutambua aina kwa kutazama tumboni kwa mpira mwembamba wenye kamera na kuchukua kipande cha nyama kwa uchunguzi.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha afike hospitali ya wilaya, Tukuyu. Atakayeandikiwa rufaa ya Mbeya, yapata kilomita 70, asiipuuze. Anayetapika damu, kupata choo cheusi au kukonda bila ya sababu asichelewe hata siku moja.

(b) Dawa, ambazo kwa kawaida ni viuavijasumu viwili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, zimezwe hadi siku ya mwisho, mara nyingi siku 14. Anayeziacha maumivu yanapotulia humpa bakteria nafasi ya kuzizoea, na kinyama hubaki.

(c) Wiki 4 au zaidi baada ya dawa, mgonjwa arudi kupimwa choo au pumzi. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii, kwani huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha.

(d) Wingi wa mvua na chemchemi za Rungwe si dhamana ya usafi wa maji. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kutulia kwa maumivu si kupona. Uthibitisho wa kupona ni kipimo.